Umeme wa Chumba cha Tisa

Bwana Mhasibu, umeuliza kwa barua
mbona umeme wa bweni langu umepanda tangu Agosti.
Nakujibu kwa Kiswahili cha kwetu Bwera, mpakani,
maana Kiingereza changu hukauka kwenye hesabu
na Kiacholi changu bado kinatambaa.

Sheria naijua. Niliibandika ukutani mwenyewe:
saa nne usiku, taa zote zizimwe.
Miaka kumi na mmoja nimeshusha swichi kuu
bila kukosea dakika, iwe mvua, iwe mbalamwezi.

Chumba cha tisa niliwapanga wanne.
Sikuwachagua; ndivyo funguo zilivyobaki.
Nakiru wa Moroto, na gunia la mtama
ambalo mlinzi alilipekua mara mbili,
ya wenzake hakuyagusa.
Nyakuoth wa kambi ya Kiryandongo,
karatasi zake ndani ya nailoni, ndani ya nailoni nyingine.
Lakareber wa hapa hapa Gulu,
aliyenisikia nikisema "karibuni" akarudi nyuma hatua:
kwao, aliniambia baadaye, Kiswahili kilibisha hodi usiku
kwa kitako cha bunduki.
Na Alezuyo wa Arua, asiyesikia,
aliyesoma midomo yangu kama mtu asomaye risiti,
akitafuta nilipompunja.

Nisikufiche: wiki tatu hawakupatana.
Walizozania ndoo, kamba ya kuanikia,
harufu ya samaki mkavu.
Asubuhi moja mlangoni kwao, kwa mkaa: RUDINI KWENU.
Nikasugua kwa majivu. Mkaa ukatoka,
rangi ya mlango nayo ikatoka,
na maneno yakabaki palepale, sasa meupe.
Lakareber alisimama akayatazama.
"Mimi kwetu ni hapa," alisema. "Nirudi wapi?"
Kisha akaninyang'anya brashi,
akasugua mlango mzima, juu hadi chini,
mpaka pasiwe na neno, pawe na mbao.

Sasa tuje kwenye bili.
Usiku ule, saa nne, nilishusha swichi.
Chumba cha tisa kikatoa kishindo:
kiganja juu ya chuma cha kitanda,
tena, na tena, kwa hasira.
Nikaenda na tochi kugomba.
Nakiru akanijibu taratibu,
kama anayemwelekeza mgeni njia:
"Mama, umemkata kauli. Alikuwa katikati ya hadithi."

Bwana Mhasibu, sisi gizani huendelea na soga.
Yeye, giza likiingia, ameshonwa mdomo.
Miaka kumi na mmoja nilidhani nazima taa.

Nikarudi nikapandisha swichi. Bweni zima likawaka.
Nikachungulia dirishani kama mwizi:
mikono minane, na vivuli vyake ukutani,
ya Nyakuoth ikikosea, ikichekwa, ikirudia,
ya Lakareber ikikataa jambo fulani kwa nguvu,
na hadithi ikiendelea pale nilipoikata.
Haikuwa fupi.

Siku hizi hata mimi wamenipa jina:
ufunguo unaogeuzwa kifuani, mara moja, upande wa moyo.
Kuliandika siwezi. Daftari lako halina safu yake.
Kabila lina safu. Dini ina safu.

Hesabu ni hii: shilingi elfu thelathini na nne kwa mwezi
zaidi ya mwaka jana. Nimeikagua mara tatu.
Ukiona lazima, kata mshahara wangu;
ila mlinzi naye akatwe, kwa lile gunia.
Au fundi aje, akitenge chumba cha tisa
kiwe na swichi yake, na mkono wa kuizima uwe wao.

Pia naomba kopo moja la rangi ya mlango.
Wanne hawa wamebishana siku mbili juu ya rangi gani
na bado hawajaafikiana.
Nitakuandikia wakimaliza.

Kabugho, mtunza bweni